Yule i Anayeingia Kila Boma

Tseikuru,
9 Juni 2025

Kwako Wavinya, mwaitu,

Bwana asifiwe. Kwanza ujue kwamba barua hii imeandikwa na mtu ambaye bila yeye Tseikuru ingekuwa imefungwa kitambo na funguo kupewa fisi. Sijisifu, nakupasha habari tu. Tangu wanichague chairman wa kisima, hata jua likitoka hunitazama kwanza kama limeruhusiwa. Mwezi jana ndovu alitoka kule mbugani akaja moja kwa moja mpaka kisimani. Watu wakatawanyika kama kuku. Mimi nikabaki. Nikamwambia kwa Kikamba safi, "Wewe, hapa kuna laini." Mwaitu, yule ndovu alipanga laini! Alisimama nyuma ya punda wa Mzee Kyule mpaka zamu yake ikafika, akanywa, akaondoka bila kelele. Uliza mtu yeyote, lakini usimuulize Kyule, yeye ni mtu wa wivu.

Huku tuko salama. Anti yako Nduku anakusalimu, goti lake limepoa. Kwaya yetu ilialikwa Mwingi, na mchungaji wa huko alisema bass yangu ilitikisa kioo cha dirisha. Mimi hukuita mwaitu kwa sababu ulipewa jina la mama yangu, na mtu hawezi kumwita mama yake "we msichana", kwa hivyo usidhani nakubembeleza na jambo ninalotaka kukuambia.

Jambo lenyewe ni hili. Kisima kimewekwa mfereji wa kadi. Kila boma lina kadi yake, unaiweka pale, maji ya mifugo yanatoka kiasi chako, yanakatika. Aliyeuweka ni kijana mmoja wa mitambo kutoka Kitui mjini, anaitwa Nthiwa, amevaa viatu vya kuchongoka. Kwenye mkutano alituonyesha karatasi yenye fomula ya kugawa. Nimekuandikia vile ilivyo, ila pale penye ÷ yeye amechora mstari, ya kwanza juu yake, ya mwisho chini:

wₖ = C × mₖ ÷ Σ mᵢ

Ile Σ ni kama M iliyolala ubavu. Chini yake ameandika i = 1, juu yake n. Watu wote walinigeukia. Nikaitazama karatasi, nikakohoa, nikasema, "Iko sawa, pitisha." Maana mimi niliielewa hapo hapo. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, lakini si kwa kushindwa. Mwalimu alisema yaliyobaki nitayafikia mwenyewe.

Sasa nataka kujua kama hiyo chuo ya Wote inakufundisha ama inakula muda wako. Niandikie vile wewe unavyoielewa, nilinganishe na vile mimi ninaielewa. Na utafute kosa, kwa sababu kosa liko. Maji hayatoshi watu. Kila boma lilitaja mbuzi wake mbele ya Nthiwa, akaandika. Unajua huku hatuhesabu mifugo ya mtu, hiyo ni kuita hasara. Mwenyewe anakadiria kwa mdomo, na hakuna wa kumfuata nyuma. Mimi nilisema mia mbili, kwa vile wengi wako syengo, kule malisho ya mbali. Kalunde, yule mjane aliyekulea mwaka ule mama yako alilazwa, alisema watatu. Sasa kadi yake inatoa lita saba na nusu kwa siku. Mmoja wa mbuzi wake ananyonyesha. Wakimaliza kunywa wanabaki wakilamba saruji, na yeye anasema mambo yakienda hivi atawauza wote.

Mimi namsaidia. Kila jioni anakuja na mtungi wake, namjazia kutoka kwa maji yangu, na wengine pia nawajazia. Mimi si mtu wa kunyima.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Mambo ya uchairman hayapigiwi simu. Na pia nilijaribu kuisoma hiyo fomula kwa sauti nikaona simu haiwezi kuibeba. Nimempa barua Muindi wa lori ya mbuzi, anapitia Wote akienda Emali.

Mtihani wa hesabu ulikuwaje?

Mimi mjomba wako na chairman,
Nzomo


Wote,
22 Juni 2025

Kwa Mjomba Nzomo,

Salamu nyingi. Natumaini goti la Anti linaendelea vizuri. Mama yuko Kikima bado, biashara ya parachichi si mbaya, anasema umsalimie huyo ndovu. Mimi niko sawa. Hosteli yetu imepakwa rangi upya na harufu imetufukuza wote nje, ndiyo maana naandikia kwenye ngazi.

Barua yako imekaa na Muindi siku nyingi. Anasema lori ilimlaza njiani, gia.

Kuhusu fomula, najua umeielewa, kwa hivyo nitakuandikia vile mimi niliielewa, na uniambie kama nimekosea. Mwaka jana alama kama hizo zilikuwa zinanifunga macho. Nikiona Σ kwenye ubao naacha kalamu. Lakini kuandika programu za kompyuta naweza. Siku moja nikajiuliza, hii kitu kama ningetaka kompyuta iifanye, ningeiambia nini? Ikatoka hivi:

jumla = 0
kwa kila i kutoka 1 mpaka n:
    jumla = jumla + m[i]

Ni hiyo tu, mjomba. Σ si namba, ni kazi. Ni kumtuma mtu azunguke. Maboma yamepangwa, la kwanza, la pili, mpaka la mwisho, ambalo ni n. Ile i = 1 chini ya alama inasema anaanzia wapi, n juu inasema anaishia wapi. Herufi ndogo kwenye miguu ya m ni mlango: m₁ ni mbuzi wa boma la kwanza, m₂ wa boma la pili. Kwenye programu tunaiandika kwa mabano, m[1], m[2], lakini mlango ni ule ule. Na i ni yule aliyetumwa mwenyewe. Anaingia boma moja, anachukua idadi, anaitia kwenye debe linaloitwa jumla, anaenda linalofuata. Akimaliza la mwisho anasahaulika. Hata ungemwita j au mutumia, yaani mzee, jibu halibadiliki.

Zilizobaki ni rahisi. C ni maji yote ya siku. wₖ ni maji ya boma moja, lile tunaloulizia. Chukua maji yote, zidisha kwa mbuzi wa boma hilo, gawa kwa kila kitu kilicho ndani ya debe.

Sijaona kosa. Niandikie C ni ngapi na jumla ya Nthiwa ni ngapi, niipitishe kwa kompyuta.

Mpwa wako,
Wavinya


Tseikuru,
10 Julai 2025

Kwako Wavinya, mwaitu,

Bwana asifiwe tena. Sisi ni wazima. Goti la Nduku limerudi kuuma, anasema ni baridi, mimi nasema ni kanisa kukosa viti vya maana. Mbuzi mmoja wa Kyule ameanguka kwa shimo la choo na nikamtoa kwa kamba moja na meno yangu.

Barua yako nimeisoma mbele ya kamati. Nilisoma ile sehemu ya juu tu, ya Kikima. Hiyo nyingine nilijisomea mwenyewe nyuma ya ghala, nikaona umejaribu. Lakini uko na makosa na kama mjomba ni lazima nikurekebishe.

La kwanza. Umeandika jumla = jumla + m. Huo ni uongo wa mchana! Kitu hakiwezi kuwa sawa na chenyewe pamoja na mbuzi. Mimi Nzomo siwezi kuwa sawa na Nzomo na mbuzi. Ukiandika hivyo kwa mtihani watakuchapa sifuri.

La pili. Nimefikiri sana huyo i ni nani na huyo k ni nani, maana ungekuwa umesoma vizuri ungeniambia wazi. Mimi nimeona hivi. k ni mwenye kadi, mtu wa maana, ndiyo sababu amekaa juu ya mstari. i ni wale wengine, wako chini ya mstari. Kwa hivyo mimi nikitaja mbuzi wangu mia mbili, nazungumza ya juu. Ya chini ni mambo ya watu wengine, hayanihusu. Nimewaeleza kamati hivyo na wakatingisha vichwa. Kinyanjui wa hoteli alitaka kuuliza swali, nikamwambia hesabu ya mbuzi haiko kwa menyu yake.

C ni mitungi hamsini kwa siku, ya lita ishirini ishirini. Jumla ya Nthiwa ni mia nne. Ipitishe, utaona vile kijana ametupunja. Jumamosi ya kwanza ya Septemba kuna mkutano, na nataka kumtoa Nthiwa na viatu vyake mbele ya watu.

Kalunde bado anakuja jioni, ingawa siku hizi anasimama mbali kidogo na lango mpaka nimwone. Namwambia, "Ingia Kalunde, hapa ni kwa Nzomo, maji hayaishi." Anasema, "Asante chairman." Zamani alikuwa ananiita jina.

Mtihani uliniambia ulikuwaje? Sioni mahali.

Mjomba wako,
Nzomo


Wote,
20 Julai 2025

Kwa Mjomba Nzomo,

Salamu kwako na kwa Anti, mwambie ajaribu maji moto na chumvi, Mama anasema yalimsaidia Susu, mama yako. Hapa jua ni kali. Mbwa wa mlinzi wetu amezaa ndani ya ofisi ya mitihani, na hakuna anayethubutu kuingia kuchukua karatasi.

Uko sawa kuhusu jumla = jumla + m, na hata mimi ilinisumbua. Kwenye programu hiyo alama haisemi "ni sawa na". Inasema "tia". Chukua kilicho ndani ya debe, ongeza mbuzi wa boma hili, rudisha ndani ya debe. Debe lina jana na leo. Hesabu ya karatasi haina jana. Inakuonyesha debe likiwa limeshajaa, kama mtu aliyezunguka na kurudi kabla hujamtuma. Nafikiri hiyo ndiyo ilikuwa inanitisha. Nilikuwa naangalia kazi iliyokwisha kufanywa na sijui nani aliifanya.

Kuhusu i na k. Mjomba, hapo sikubaliani, na nisamehe. k si cheo. k ni yule tunayemuulizia leo, kesho ni mwingine. Ukiuliza maji ya Kalunde, k ni Kalunde. Na i anaanza 1 mpaka n bila kuruka mlango hata mmoja. Anaingia kwa Kyule, anaingia kwa Kalunde, anaingia kwa chairman. Mbuzi unaowataja wanahesabiwa mara mbili. Mara moja juu ya mstari, kwa ajili yako. Mara nyingine chini ya mstari, na chini ya mstari ni pa watu wote. Boma moja likitaja wengi, debe linakua, na kila mtu anagawiwa kwa debe hilo hilo.

Nimeipitisha kwa kompyuta. Fomula haina kosa, na Nthiwa hajapunja mtu. Kwa namba ulizonipa, Kalunde anapata lita saba na nusu kama ulivyosema. Wewe unapata mitungi ishirini na mitano. Hiyo ni nusu ya kisima.

Kabla ya kutumia namba za watu, programu mtu huijaribu kwanza kwa kitu anachokijua. Mimi niliijaribu kwa boma lako, vile lilikuwa Pasaka nikiwa huko. Sikutumia namba, nilimwambia tu i apite kwa kila mmoja: Sukari, Askari, Pembe Moja, Mama Mapacha na mapacha wake wawili, Kipara, Dereva, Bibi Harusi, Kibogoyo, na Mgeni. Ilifanya kazi vizuri. Kama nimemsahau mmoja, niambie nimwongeze.

Mtihani ulikuwa na swali la Σ mbili, moja ndani ya nyingine. Nilicheka mle ndani mpaka msimamizi akanitazama. Ni i anayeingia kila boma, na ndani ya boma kuna j anayepita kwa kila mbuzi. Majibu bado, kwa sababu ya yule mbwa.

Mpwa wako,
Wavinya


Tseikuru,
17 Agosti 2025

Wavinya,

Natumaini uko mzima. Sisi ni wazima.

Mimi nilikuandikia nikitaka hesabu, wewe ukahesabu mbuzi wangu. Tangu lini mtoto anahesabu mbuzi wa mjomba wake? Susu unayebeba jina lake angekuwa hai angekutemea mate ya baraka uoshwe hiyo mkosi. Askari ameanza kukohoa tangu barua ifike. Siongezi neno.

Umewasahau walioko syengo.

Mambo ya kisima yako sawa. Watu wanasema viatu vya Nthiwa ndivyo vimeleta ukame. Mimi sijasema hivyo na sijakataa. Kalunde haji tena jioni. Sijui kama ni maringo. Nduku alimpelekea mtungi akaukuta mlango umefungwa, na mtungi ulirudi umejaa. Alimwambia dirishani, "Mwambie chairman nimeshukuru, lakini siwezi kuomba maji kila siku kama mtu asiye na boma." Mbuzi wake sijui habari yao. Siulizi mbuzi wa watu.

Goti la Nduku ni lile lile.

Nzomo


Wote,
25 Agosti 2025

Kwa Mjomba,

Salamu. Mama anawasalimu. Pole kwa Askari.

Sikuhesabu, mjomba. Nilitaja majina tu. Uliza mtu yeyote wa Kitui kama kutaja jina ni kuhesabu.

Muindi alifika jana jioni na barua yako, akapaki hapa nje ya geti kununua maji. Nilienda nyuma ya lori kumsalimia. Kulikuwa na mbuzi wamebanana, na mmoja alikuwa yule mweusi wa Kalunde, mwenye kitambaa chekundu shingoni. Kitambaa hicho nilikifunga mimi, ni cha sare yangu ya shule ya msingi. Nilimuuliza Muindi, "Huyu anaenda wapi?" Akasema, "Emali, kama wengine. Mama mwenyewe amesema wale wawili waliobaki tutawapakia safari ijayo."

Nakuandikia hili kwa sababu labda hukuulizia.

Majibu ya mtihani yametoka. Nimepita. Huko mwanzo sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimeanguka mara mbili, na hii ilikuwa ya mwisho, wangenirudisha nyumbani. Sasa umejua.

Boma la Kalunde kwenye programu yangu bado lina m[k] = 3. Sijabadilisha.

Wavinya


Tseikuru,
15 Septemba 2025

Kwako Wavinya, mwaitu,

Bwana asifiwe. Hongera kwa mtihani. Nimetangaza kanisani kwamba umepita kwa sababu ya mafunzo yangu kwa barua, na watu wakapiga makofi. Nduku alitoa "amina" moja ndefu isiyokuwa na furaha. Goti lake limepona. Askari hakohoi, alikuwa amemeza karatasi ya nailoni.

Sasa nikupe habari ya mkutano, maana utaisikia kwa Muindi ikiwa imeharibika.

Watu walikuja wengi sana, hata waliokufa walituma wawakilishi. Kelele ilikuwa ni moja: Nthiwa aondoke na mfereji wake. Kijana amesimama pale, ameshika karatasi. Nikasimama. Nikasema, "Wacheni kijana. Nani hapa anaijua hii M iliyolala?" Nikachukua karatasi ya kijana, nikasema, "Hii si namba. Ni mtu ametumwa azunguke."

Nikawaeleza, mwaitu. Niliwaeleza vizuri kuliko wewe. Nikawaambia i ni kama askari wa chifu, tena asiye na haya, haangalii cheo, haangalii nani mzee wa kanisa. Kyule akauliza, "Na kwa chairman anaingia?" Nikamwambia, "Anaingia." Akasema, "Na anarudi akiwa na miguu yake?" Watu wakacheka. Nikangoja wamalize.

Basi nikasema tufanye hiyo kazi kwa macho, mbuzi kwa mbuzi, walio hapa tu. Aliye na mbuzi syengo, maji yao yako huko huko. Hapo wazee wakakataa, hakuna wa kuhesabu mifugo ya mtu. Nikawaambia hakuna atakayehesabu. Kila boma litapitisha mbuzi wake langoni, na kila mbuzi akipita, mwenyewe atatia kifuniko kimoja cha soda ndani ya kopo lake. Nikawauliza, "Kutia kifuniko ni kuhesabu?" Wakanong'onezana. Mzee mmoja akasema, "Hapana, hiyo ni kutia tu." Ikapita. Nthiwa akaniangalia kama ameona malaika mwenye kofia.

Vifuniko nilikuwa nimevitoa kwa Kinyanjui tangu asubuhi. Nilimwambia nataka gunia. Aliniuliza za nini, nikamwambia ni za uongozi. Nilijaza gunia dogo nikalibeba begani peke yangu, na linalia kila hatua, nikijua vile nitaligawa: kiasi cha watu mkono wa kulia, na kiasi changu mkono wa kushoto, mia mbili kamili, nikitie ndani ya kopo langu kabla mtu hajaangalia. Nilipofika karibu na nyumba ya Kalunde nikamwona amesimama na wale wawili, amewafunga kamba tayari, anangoja lori. Akanisalimia. Alisema, "Umeamka mapema, Nzomo." Sijui kwa nini aliniita jina siku hiyo. Nikatua gunia. Nikatoa vile vya mkono wa kushoto, nikavimwaga nyuma ya mchongoma wake. Nikamwambia awafungue hao mbuzi, aje mkutanoni.

Basi maboma yakapita. Ilikuwa vumbi tupu na mbuzi wa watu wakikataa kupita langoni kama wanapelekwa mahakamani. Jambo moja la ajabu lilitokea. Mgeni, yule mbuzi wangu ambaye hajawahi kuwa na adabu, zamu ya Kalunde ilipofika aliingia katikati ya wale wawili akapita nao. Watu wakamwona. Kalunde akaniangalia. Mimi nilikuwa naangalia tangi la kisima. Kalunde akatia vifuniko vitatu. Tangu siku hiyo Mgeni analala huko, na mimi sijamfuata. Mbuzi akichagua, amechagua. Yule mweusi wa Emali hatapatikana, nilimuuliza Muindi, alishauzwa.

Kila kopo likamwagwa kwa karai moja kubwa, na hiyo karai, niliwaambia, ndiyo ile M iliyolala. Nthiwa akaingiza kwenye mashine. Kadi ya Kalunde sasa inatoa lita kumi na nne na kidogo, na haombi mtu. Yangu inatoa mitungi miwili na nusu hivi. Jioni langoni kwangu kumekuwa kimya. Nduku anasema sasa tunasikia hata nyenje.

Nimebaki chairman. Walipiga kura ya mikono na Kyule aliinua wake wa mwisho.

Sasa, mwaitu, hili sikulisema mkutanoni na usimsomee mama yako. Boma langu ndilo lilikuwa la mwisho. Makopo ya wenzangu yalipomwagwa yalilia kama mvua kwa mabati, na watu walikuwa wananyamaza kusikiliza la kila mtu. Walipofika kwangu wakanyamaza zaidi. Kyule hata alivua kofia. Nikaona kopo langu likipinduliwa litalia vibaya. Kwa hivyo sikulipindua. Nilivitoa vifuniko vyangu polepole kwa vidole, nikavishika, nikavishusha ndani ya karai bila sauti.

Vyote vilitosha kwenye kiganja kimoja, na vidole vikafunga juu yake.

Mjomba wako,
Nzomo